Mke Mwenza wa Shaba

Shangazi yangu, mshonaji, aliolewa peke yake, lakini alikuwa na mke mwenza: mwanamke wa kwenye sarafu ya kale, mwenye nyoka badala ya nywele na ulimi nje. Mumewe, fundi saa, alikusanya sarafu zenye mazimwi, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Kila jioni alibana lenzi jichoni akamtazama.

"Bibi mdogo hajambo?" shangazi alimuuliza.

"Hajambo. Tena hanuni kama wengine."

Siku moja shangazi alisuka nywele ndefu, nyembamba, zenye kujiviringisha. Siku nne zikapita bila mumewe kusema neno. Siku ya tano shangazi aliichukua ile sarafu, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka nyoka wakafutika.

Fundi aliikuta inang'aa kama sufuria.

"Sarafu ya kale haisuguliwi, mama! Umemuua!"

"Nimemnawisha uso tu, mwenzangu."

Akageuka kumkaripia, lenzi ikiwa bado jichoni. Akasita.

"Nywele hizo umesuka lini?"

"Marehemu alipokuwa hai," akajibu shangazi.