Nimeharakisha ordinatere, Mama Neema amekasirika

Leo nimefanya kazi muzuri sana, na sasa hakuna mutu anataka kunisemesha.

Musome, kisha muniambie kosa yangu iko wapi.

Siye tunatengeneza programu ya simu, hapa Bunia. Ukibadilisha hata neno moja, ordinatere, ile kompyuta yetu, ilikuwa inajenga programu yote upya. Dakika makumi ine! Basi tunatoka inje, tunakunywa chai ya Mama Neema, ule anauzishaka pale mulangoni, tunacheka.

Leo asubuhi nikaipanga vingine: kile hakikubadilika, ikiache vile kiko.

Dakika mbili. Mbili tu!

Nikangojea makofi.

Mwenzangu Dieudonné akaangalia kikombe yake kama mutu amefiwa. Shefu, mukubwa wetu wa kazi, yeye akafurahi: "Muzuri! Sasa tuko na wakati ya reunion, ya kufanya mikutano."

Ayayaye.

Saa ine, Mama Neema akaingia mwenyewe na termosi.

"Mashini yenu imekufa? Sioni mutu inje."

"Hapana mama, sasa inakimbia."

"Nani aliikimbiza?"

Wote wakanionyesha kidole. Hata shefu!

Akamiminia kila mutu chai. Kufika kwangu, akafunga termosi.

"Weye uko na haraka, mutoto wangu. Hii chai iko moto."