Mpaka Bibi Aigonge

Kwenye duka la vitu vya kale mjini Matrah nimeshika kengele ya ngamia, na harufu ya shaba imenirudisha uani kwetu, tanuri likinguruma. Baba ndiye aliyeyeyusha shaba na kusubu kengele, lakini hakuna iliyotoka nyumbani mpaka bibi, mama yake, aigonge, afumbe macho, aisikilize hadi mlio ukatike.

Siku moja mfugaji alikuwa keshaipenda kengele yake.

"Ina ufa," bibi akasema.

"Mie siusikii, bibi. Nipe hivyo hivyo."

"Mie nnausikia." Akaivunja kwa nyundo mbele yake, vipande akavirudisha motoni.

Baba alikuwa kaihangaikia siku mbili. "Haya, mama," akasema, akachochea moto upya.

Sasa naigonga hii. Muuzaji ananiuliza mbona nimefumba macho.

"Hii ya kwetu," namwambia, na mlio bado haujakatika.