Dresingi ya Mgeni

Aibu hii hata mama yangu mzazi hajaisikia, lakini leo naitoa, maana nimechoka kuicheka peke yangu.

Nilikuwa na siku tatu tu kazini, kwenye mgahawa mmoja pale Ngara mjini, na bosi wangu, Mama Adventina, alishaniuliza kama Kiingereza najua, nami nikajibu najua vizuri (uongo mtupu, nilitaka kazi). Basi mchana akaja mama mmoja wa Kizungu, dereva wake akamwacha mezani akaenda kujaza mafuta, nikampelekea samaki na saladi ya kabichi na parachichi. Akaitazama ile saladi, akasema maneno mengi, mimi nikadaka moja tu: dresingi.

Dresingi naijua! Mama alipougua kidonda cha mguu nilikuwa nampeleka zahanati kule Kanazi, na nesi kila mara anasema, "Kesho mlete tena dresingi," yaani kidonda kisafishwe, kifungwe bandeji. Ningemwuliza mgeni pale pale yangeisha, lakini nikaogopa kuumbuka, nikaitikia kwa kichwa kama msomi, nikatoka mbio na kudandia bodaboda hadi duka la dawa.

"Kuna nini, dada?" bodaboda akauliza.

"Mgeni wetu ana kidonda!"

Nikachukua pamba, spiriti, bandeji na glovu. Kumbe huku nje jamaa ameshawapigia wenzake simu, na kidonda kimeshakuwa ajali, tukarudi na pikipiki tatu nyuma yetu zinazokuja kubeba majeruhi.

Nikaingia na glovu mkononi, nikapiga magoti mbele ya wateja wote, nikamshika mgeni mguu. "Pole sana mama, kidonda kiko wapi?"

Mama wa watu akaruka, kiti kikaanguka. Mama Adventina akatoka jikoni mbio. "Umemfanya nini mgeni wangu?" Mlangoni bodaboda wanapokezana: "Tumpeleke hospitali gani?"

Ndipo dereva akarudi. Akamsikiliza mgeni, akanitazama na bandeji zangu, akakaa chini kwa kicheko. "Dada, dresingi aliyotaka ni ya kumwagia kwenye saladi. Mafuta na limao!"

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuvua aproni mwenyewe kabla sijafukuzwa. Lakini mgeni, alipoelezwa, alicheka hadi machozi, akanishika mkono tukaingia jikoni, akakamua limao, akatia mafuta, chumvi na pilipili manga, akanionjesha. Tamu kweli! Mama Adventina naye akaonja, akachovya kidole tena, kisha akasema, "Vaa tena aproni yako, wateja wanasubiri."

Jamani, nilishusha pumzi kama niliyetua gunia.

Sasa neno nisilolijua nauliza hapo hapo, hata wanione mshamba. Juzi kaka mmoja kaagiza chakula chenye jina refu, nikamwuliza, "Ndiyo nini hicho?" Akainama, akasema hata yeye hajui, kakisikia tu kwa wenzake. Nikamkaangia ndizi, akala akamaliza.