Kiti Alichokiacha Dada

Wateja walimwita Pindo kwa sababu ya namna alivyokunja pindo la gauni: ungeligeuza ndani nje usione uzi ulipopita. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na tisa, ana binti mmoja kidato cha pili, na mdomo usiokosa la kusema. Mteja akitaka gauni limbane kupita kiasi, alimpima, akaandika, kisha akamwambia, "Haya bibie. Mwili wako, kitambaa chako, lakini aibu itakuwa yetu sote." Watu walicheka, na walirudi.

Barabara ilipopanuliwa, kibanda chake kikavunjwa. Akahamishia cherehani sebuleni kwa mama yake, ambako wapita njia hawakufika. Akawa anakaa siku nzima akishona vifungo vya majirani. Ni katika siku hizo dada yake aliporudi.

Dada huyu, ambaye tangu utoto aliitwa Mwanya kwa pengo la meno yake ya mbele, alikuwa amekaa miaka miwili ng'ambo ya mpaka, akishona sare kwenye karakana. Alirudi amekonda, na mlango ukifungwa kwa kishindo alishtuka mpaka akamwaga chai. Alipoulizwa alisema ni uchovu wa safari. Siku ya tatu akamwita mdogo wake uani, akamshika mkono.

"Kazi ipo, mdogo wangu. Nimeshakuombea. Unakaa kwenye kiti chako, feni juu ya kichwa, unashona, mwisho wa mwezi unachukua chako."

"Mbona wewe umeiacha, kama ni tamu hivyo?"

"Mgongo. Mgongo umenishinda."

"Na mwanangu?"

"Ana mama wawili huyo. Kwani mimi nimekufa?"

Ndivyo Pindo alivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu baki angemkatalia, tena kwa maneno makali. Lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Angemtilia shaka kwa lipi? Asubuhi ya safari, kituoni, Mwanya alilia mpaka kondakta akauliza kuna msiba gani. Pindo akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamtania, "Nyamaza basi, watu watadhani umeniuza."

Mwanya akazidi kulia. Pindo aliyachukua yale machozi kuwa ni mapenzi.

Karakana ilikuwa nyumba ya ghorofa moja nyuma ya ghala la mbao. Mwenye karakana, mwanamke wa sauti ya upole, alimpokea kwa chai, akamwomba pasi ya kusafiria "tuisajili", akaomba na simu "tukuwekee laini ya huku". Pindo hakuviona tena. Chumba cha kazi kilikuwa kirefu, madirisha yana nondo, vioo vyake vimepakwa rangi nyeupe, vyerehani kumi na vinne katika safu mbili. Juu ndiko walikolala, magodoro sakafuni, mlango ukifungwa kwa nje. Feni ilikuwepo kweli. Haikuwahi kuzunguka.

Alipokaa kwenye kiti alichoonyeshwa, mwanamke wa cherehani ya jirani alimtazama usoni kidogo, akasema, "Wewe ndiye mdogo wake Mwanya."

"Unamjua dada yangu?"

"Alikaa hapo ulipokaa. Tulikuwa tunakungoja."

"Mnaningoja vipi?"

Jirani aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano bila kuinua kichwa, maana msimamizi alikuwa mlangoni. "Hapa hatoki mtu mpaka alete mtu. Tena awe fundi kumshinda. Dada yako akasema anaye. Alikusifu, shoga, mpaka nikakuonea huruma."

Mguu wa Pindo ukaganda kwenye kikanyagio. Alijaribu kumtetea dada yake moyoni: labda alilazimishwa, labda hakujua. Kila utetezi ulikatika kama uzi mbovu. Na kilichomkata maini si nondo wala kufuli. Ni zile sifa. Dada yake hakuwahi, hata siku moja, kumwambia usoni kwamba anashona vizuri.

Walishona saa kumi na nne kwa siku. Aliyeumwa alishona, aliyeulizia mshahara alinyimwa chakula. Pindo alivumilia, mdomo umekuwa mzito, hadi mwezi wake wa saba mle, msimamizi alipomwinamia na kumwambia kwa utani, "Wewe hutaki kwenda kwenu? Tumesikia una binti. Mama yake mkubwa anasema mkono wake ni mwepesi."

Hapo woga ukamtoka. Kesho yake alichukua mkasi, akapinda kile chuma kidogo kinachoshika bobini ya uzi wa chini. Cherehani ikakwama, fundi wa mashine akaitwa.

Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa waya. Alitengeneza, akaondoka bila kuangalia pembeni. Wiki iliyofuata Pindo akakipinda tena. Safari ya tatu msimamizi alichoka kusimamia, akaenda kupokea simu. Fundi akasema, kichwa kikiwa chini ya meza, "Mama, chuma hiki hakijipindi. Nani anakipinda?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili uje."

Fundi akachungulia mlango. Pindo akasema upesi, "Mlango wetu unafungwa kwa nje. Tuko kumi na wanne. Pasi zetu za kusafiria zimo kabatini, ofisini kwa bosi."

Fundi alifunga begi lake. Msimamizi aliporudi akamwambia, "Hii inataka kifaa kipya. Nitakifuata." Akatoka.

Siku tano zikapita, kisha kumi. Jirani alisema, "Naye ana watoto wa kulisha." Pindo akamhesabu fundi miongoni mwa waliomtupa, akaacha kuangalia mlango.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, geti liligongwa kwa nguvu. Waliingia maofisa wa kazi na polisi, na nyuma yao yule fundi, begi begani kama aliyekuja kutengeneza. "Samahani, mama," alisema. "Ofisi ya kwanza walinifukuza. Ya pili waliniambia njoo kesho, mara nne."

Pindo alimshika mikono yote miwili.

Kwenye kituo cha polisi, askari wa kike alimuuliza, "Nani aliyekuleta?" Jirani, aliyekaa naye benchi moja, akatazama sakafu. Pindo angeweza kusema wakala, mtu tu, simjui. Neno hilo lilifika mpaka ulimini. Kisha akamkumbuka binti yake na ule mkono mwepesi.

"Dada yangu," alisema. "Tumbo moja." Akataja jina lake kamili, na la baba yao.

Alirudi nyumbani akamkuta binti salama, na mama amenuna. Mwanya alikuwa ameshahojiwa na kuachiwa kwa dhamana. "Umemwandikisha polisi mtu mliyenyonya naye ziwa moja?" mama aliuliza.

"Nimemwandikisha aliyenipeleka, mama. Ulitaka nimtaje nani?"

Mama akageukia ukutani.

Mwanya alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni. "Ningekufa kule," alisema. "Hujui. Ningekufa."

"Najua. Nilikaa kwenye kiti chako. Ungerudi ukaniambia, ningepiga kelele mji mzima mpaka wenzako wafunguliwe. Lakini ulinifungia begi." Pindo akapumua. "Hayo ni yangu na wewe. Ila mwanangu, Dada. Nani aliwaambia anajua kushona?"

Mwanya aligeuka. Akashuka ngazi bila kuaga.

Kesi bado inaendelea. Pindo amepanga chumba karibu na stendi, anashona na binti yake, na wateja wameanza kurudi. Juzi binti alikuwa anakwenda kumwona bibi yake, akauliza kwa kusitasita, "Nikimkuta mama mkubwa, nimsalimie?"

"Msalimie," Pindo alisema, akilamba ncha ya uzi. "Wewe hujagombana naye."

"Nimwambie umemsalimu?"

Pindo akautunga uzi, akavuta, akafunga fundo.

"Hapana. Usimdanganye."