Chuma Nilichompa Fundi

Naanza na kosa langu, nisije nikaonekana najitetea. Chuma kile nilimpa mimi mwenyewe, na nilimwambia ni kitupu.

Fundi alikuwa na kibanda karibu na soko la Tukuyu, akitengeneza majiko na kunyoosha majembe. Ukoo wake ulitoka pwani zamani. Tangu serikali iruhusu biashara huria, magari ya vyuma chakavu yalikuwa yanazoa kila kitu, hivyo fuawe yake ilipopasuka hakupata chuma kizito cha kugongea. Ndipo nikakumbuka kile cha mgombani kwetu, kijijini Masoko: kinene kama paja, kimechongoka mbele, nusu kimezama kwenye matope. Alikiacha babu. Alikuwa mpagazi wakati wa vita vya Wajerumani, akabebeshwa masanduku ya makombora, kisha Waingereza walipokuja wakambebesha ya kwao. Baba alisema chuma kile ni cha Wajerumani. Shangazi anasema ni cha Waingereza. Wote wawili walikuwa hawajazaliwa.

"Ndaga, ndaga!" fundi alinishukuru kwa Kinyakyusa chake cha sokoni.

Wiki mbili baadaye shangazi alikwenda mgombani akakuta shimo.

"Gwe, wewe! Kiko wapi?"

"Nimempa fundi agongee."

"Agongee?" Akakaa chini palepale kwenye majani makavu. "Babu yako alikataza hata kuwasha moto hapa. Kiangazi kikizidi alikuwa anatutuma tukakimwagie maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza?"

Kweli sikuuliza. Nami niliwahi kumwona akikimwagia maji, nikadhani ni mambo ya mizimu. Labda yalikuwa ya mizimu. Sijui.

Nikapanda kwenda Tukuyu kwa miguu, mvua inanyesha. Nilisikia nyundo kabla sijakiona kibanda. Fundi alikuwa ameweka jembe juu ya kile chuma, anapiga.

"Acha!"

Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. "Nyie Wanyakyusa! Unaniletea kifo, halafu unakuja kunipa pole kabla sijafa?"

"Pengine ni kitupu."

"Pengine! Siku ile hukusema pengine."

"Nilidhani."

"Wiki mbili nakigonga, ndugu yangu. Kingekuwa cha kulipuka si kingeshalipuka?"

Tukamwita muuza mitumba wa jirani, ambaye alikwenda vitani Uganda. Akainama, hakukigusa. Akatuonyesha tundu la mbele, limejaa udongo mgumu.

"Kile cha kukiamshia kilipuke kimetolewa," akasema. "Lakini baruti inaweza kuwa imo. Au babu yako aliimwaga. Kwa nje huwezi kujua."

Fundi alinitazama. Hakuwa na fuawe nyingine, na nyumbani ana watoto sita. Akaninyooshea nyundo.

"Basi gonga wewe. Mara moja tu. Ukigonga, naendelea na kazi."

Nikaishika. Mpini ulikuwa bado na joto la mkono wake. Nikawaza: amekigonga mara ngapi, mbona mzima? Nikawaza tena yale maji ya kiangazi. Mkono haukupanda. Nikamrudishia nyundo yake.

Hakucheka tena. Alizima mkaa, akatoa watu kibandani, akaenda polisi. Wakaja askari na gari lenye mchanga, wakakichukua. Baadaye tuliuliza kama kilikuwa na kitu ndani. Mmoja alisema hajui, mwingine akasema hayo hayatuhusu.

Siku hizi fundi anagongea jiwe jeusi la mtoni. Linameguka, basi kila likiisha namletea jingine begani. Majembe yake hayanyooki kama zile wiki mbili, na wateja wanamwambia hivyo mimi nikiwa nimesimama palepale. Huenda nilimwokoa, huenda nilimharibia kazi bure.

"Mwenye bomu!" ananiita akiniona kwa mbali. Nikitua jiwe ananipa nyundo, naligonga kwanza mimi, yeye amesimama nje.