Mzee Mkaa na birika la kituoni

Saa tatu na nusu asubuhi, mzimamoto anayeitwa Mzee Mkaa amesimama katikati ya soko, mtungi wa gesi uko miguuni pake, na anafundisha watu kwa sauti isiyofika hata meza ya pili.

Ni mnong'ono mtupu. Anasema maneno mawili matatu, ananyamaza, anameza mate kwa taabu, kisha anaendelea. Pembeni yake yupo muuza chakula mmoja ambaye soko zima linamwita Redio, na kazi yake leo ni kuyarudia maneno hayo ili yawafikie walio nyuma.

"Anasema ukisikia harufu ya gesi, usiguse taa!" Redio anapaza sauti. "Usiwashe, usizime! Funga mtungi, fungua mlango, toka nje! Na wewe mwenye kofia, endelea kucheka, utaungua wa kwanza!"

"Hilo la mwisho sijasema," ananong'ona Mzee Mkaa.

"Hilo nimekuongezea mimi, kaka. Bure kabisa."

Watu wanaangua kicheko. Mzee Mkaa naye anacheka, lakini kicheko chake hakisikiki, mabega tu ndiyo yanayotikisika.

Ana miaka hamsini na moja, na zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia kuzima moto wa watu wengine. Hajawahi kuvuta sigara. Jumatatu ijayo madaktari watamwondoa uvimbe wa saratani kooni, pamoja na kisanduku cha sauti. Atapumulia tundu shingoni, na hata huu mnong'ono hautakuwepo tena.

Nilimuuliza anataka kuutumia mnong'ono huo kwa lipi katika siku hizi zilizobaki. Nilidhani atataja sala, au ndugu walio mbali.

"Nina mtu mmoja wa kumshawishi," alisema. "Nikishindwa kwa huyo, haya mengine yote ni kelele."

Mtu huyo ni binti yake wa kwanza, ambaye naye ni mzimamoto katika kituo hicho hicho. Alipojiunga, wenzake walimkejeli kwamba moto huzaa majivu, wakingoja akimbie kazi. Hakukimbia. Sasa wanamwita Mkaa Mdogo, na anatembea na jina hilo kama mtu aliyevishwa nishani.

Ili msomaji aelewe ugomvi wa baba na binti huyu, lazima kwanza aijue chai ya kituoni.

Kila wanaporudi kutoka kwenye moto, kabla ya jambo lolote, wazimamoto wa kituo hiki hunywa chai. Birika kubwa la bati huwekwa juu ya meza karibu na mlango wa gari, na kikombe cha kwanza hupewa yule aliyerudi mweusi kuliko wote. Masizi usoni ni ushahidi kwamba uliingia ndani hasa. Anayekimbilia bombani kunawa huitwa Mgeni wiki nzima, na mgeni hunywa wa mwisho, chai ikiwa imepoa.

Hakuna anayekumbuka aliyeuanzisha utaratibu huo. Ila kila mtu anakumbuka nani aliushika kwa mikono miwili. Jina la Mkaa halikutoka kwa mama yake.

"Koti langu lilikuwa linasimama lenyewe," ananong'ona, na kwa nukta moja fahari ya zamani inamrudia machoni. "Masizi yameganda. Ukinitaka nilifue, tunagombana."

Kuna jambo jingine, baya zaidi. Miali ikishazimwa, wazimamoto huingia tena kufukua makaa yaliyofichika. Wao huita kuzika moto. Kituo kina mitungi minane ya hewa, na inayofanya kazi ni minne. Kwa hiyo hewa huwekwa akiba kwa ajili ya moto ulio hai, na wakati wa kuzika watu huvua barakoa na kuingia hivyo hivyo, pua wazi. Moshi umepungua, macho hayawashi sana, mtu anajiona amesalimika.

Daktari anayemtibu aliniambia hapo ndipo penye sumu. "Sponji, plastiki, rangi za ukutani, vyote vinaendelea kutoa hewa chafu hata kama huoni mwali. Siwezi kukuambia ni moshi wa siku gani uliomwingia. Lakini nikiangalia kazi yake, sishangai."

Koo lilianza kumkwaruza Mzee Mkaa miaka miwili iliyopita. Alikunywa asali, akanywa tangawizi, akasema ni mafua yaliyosahau njia ya kutokea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyaficha hadi siku alipoita jina la mke wake na mke asisikie, ilhali walikuwa chumba kimoja.

Mwenzake wa miaka yote, jitu la miraba minne waliyemwita Kifaru, aliwahi kuliko yeye. Mapafu yalimwisha mwaka jana. Siku ya mazishi waliiweka kofia yake ya kazi juu ya jeneza, nyeusi tititi, bila kuifuta hata kidogo, na watu walilia zaidi walipoiona.

"Mimi ndiye niliyesema isifutwe," anasema Mzee Mkaa. "Tukamzika na kilichomuua. Tukapiga na saluti."

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na ua mdogo wenye kamba za kuanikia. Ukutani, nje ya mlango, upo msumari mnene, na juu ya msumari limening'inia koti la Mkaa Mdogo. Halivuki kizingiti. Hiyo ni amri ya mama.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nafua la baba yake kwenye beseni hili hili," mama huyo aliniambia jana, akinionyesha beseni la bluu lililopasuka ukingoni. "Likitoka zinaingia nguo za shule za watoto. Maji meusi kama wino. Na nilikuwa naringa! Majirani wakiyaona yale maji wanajua mume wangu ni mwanamume."

Binti alikuwa amekaa kizingitini akifunga viatu. "Mama, hilo koti litanyeshewa huko nje."

"Linyeshewe. Sikulizaa mimi."

"Kazini wote wanalala na makoti yao chumbani."

"Na Kifaru je? Amelala na nini?"

Mkaa Mdogo alikaza kamba za viatu, akasimama. Baadaye, aliponisindikiza barabarani, aliniambia lake, na siwezi kusema hana hoja.

"Baba anasema vaa barakoa. Mtungi ukiisha, nivae barakoa ya nini, ya sherehe? Anasema nawa kwanza. Mimi ni mwanamke peke yangu pale. Nikinawa, hawataniita Mgeni wiki moja. Wataniita hivyo mpaka nistaafu." Akatembea kidogo. "Kile kikombe nilikitafuta mwaka mzima. Na yeye ndiye aliyenisimulia habari zake tangu nikiwa mdogo, anipakate, nimnuse moshi shingoni. Leo anataka nikimwage."

Tunarudi kwenye leo. Somo la sokoni halijaisha, na simu ya kituo inaita ndani ya gari la zimamoto lililoegeshwa pembeni, ambamo Mkaa Mdogo na wenzake wanangoja. Karakana ya magodoro inawaka, mitaa miwili nyuma ya soko.

Mzee Mkaa amekatazwa moshi, kwa hiyo siku hizi yeye ni dereva na msimamizi wa pampu tu. Analiegesha gari upande upepo unakotoka, anafungua maji, anabaki ameshika mlango. Binti yake na wenzake wawili wanaingia, mitungi mgongoni.

Moshi wa sponji ni mweusi na mzito, unatoka madirishani kama unasukumwa. Watu wa mtaa wanapiga kelele kwamba fundi mmoja hajatoka. Baba haondoi macho mlangoni. Midomo yake inacheza, sijui anahesabu au anaomba.

Mkaa Mdogo anatoka kinyumenyume, anamburuta fundi kwa kola ya shati. Gari la wagonjwa liko upande wa pili wa mji kwa ajali nyingine. Basi baba anapiga magoti juu ya lami, anakiinua kidevu cha yule fundi ili njia ya hewa ifunguke, na binti anamvisha barakoa ya oksijeni usoni. Hawasemezani. Mikono yao minne inafanya kazi kama ya mtu mmoja, na nilipoitazama nilielewa ni kwa nini ugomvi wao unauma hivyo. Fundi anakohoa, anatapika weusi, anafumbua macho. Mama mmoja anaangusha ndoo na kulia kwa sauti.

Miali inazimwa. Inakuja saa ya kuzika.

Mkaa Mdogo anavua barakoa, anaining'iniza kiunoni, anachukua reki na kuelekea ndani, kwenye marundo ya magodoro yanayofuka.

Baba yake anafungua kinywa kumwita. Hakitoki kitu. Anajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, na kinachotoka ni hewa. Ndipo anarukia ndani ya gari na kupiga honi, mfululizo, kwa kiganja kizima. Watu wenye mikokoteni wanaharakisha kupisha njia, wakidhani gari linataka kutoka. Mmoja anamtukana. Binti hageuki. Honi inaita, na yeye anapotelea ndani.

Nimeandika habari nyingi za maafa, na mara nyingi nimeona watu wakilia. Sijaona jambo lililoniumiza kama mtu mzima yule akipiga honi kumwita mwanawe.

Kituoni, birika liko tayari. Mkuu wa kituo mwenyewe ndiye anayemimina leo, kwa sababu mtu ameokolewa. Hakuna ubishi juu ya nani mweusi zaidi. Mkaa Mdogo ni macho na meno tu.

"Kikombe cha kwanza!" wanapiga meza. "Mkaa Mdogo! Mkaa Mdogo!"

Anakipokea kwa mikono miwili yenye masizi, anakipeleka mdomoni. Mkono wa baba yake unakiwahi. Mzee Mkaa anakichukua kikombe, anamwaga chai sakafuni, kisha anainua birika zima na kulimwaga nalo. Chai inatambaa mpaka chini ya magurudumu.

"Mzee wangu," anasema kijana mmoja, akijaribu kutania, "chai imekukosea nini?"

Mzee Mkaa anajibu, lakini hakuna anayemsikia. Anarudia. Wanatazamana. Mkuu wa kituo anainamisha sikio, anatikisa kichwa.

Basi binti anasogea, kwa hasira bado, anaweka sikio lake karibu na mdomo wa baba. Hakuna Redio hapa. Itabidi iwe yeye.

"Anasema," Mkaa Mdogo anaanza kwa sauti ya juu, "Kifaru alikunywa kikombe cha kwanza mara nyingi kuliko sisi sote."

Baba ananong'ona tena.

"Anasema hili si birika la mashujaa. Anasema sote tunakunywa masizi yetu wenyewe, na tunachekeana."

Ananong'ona tena, taratibu, na safari hii binti anachelewa kuyarudia.

"Anasema leo alinipigia honi. Anasema Jumatatu..." Anapangusa pua kwa kiganja, masizi yanasambaa. "Anasema hataki binti yake..."

Hamalizi. Anajaribu mara mbili, sauti inagoma kama ya baba yake. Wanaume wote mle ndani wanaangalia sakafu yenye chai. Kisha Mkaa Mdogo anaondoka pale mezani, anakwenda bombani, anavua koti, anaingiza kichwa chote chini ya maji.

Hakuna anayemwita Mgeni. Mkuu wa kituo ndiye wa pili kwenda, akifuatiwa na yule kijana wa utani. Maji meusi yanapita mferejini kwa muda mrefu.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba mambo yamekwisha. Sabuni haitoi kilichokwisha kuingia kifuani. Mitungi inayofanya kazi bado ni minne. Mkuu wa kituo anasema ameomba mingine na anaendelea kuomba, na hakuna anayejua ni lini atasikilizwa. Binti mwenyewe, akijifuta nywele, ananiambia wazi kwamba kuna siku atazika tena bila barakoa, kwa sababu moto haungoji vifaa. "Lakini nitanawa," anasema. "Nimemwahidi."

Kabla sijaondoka nawakuta baba na binti wakiibeba meza ya chai, kila mmoja upande wake. Wanaitoa kando ya gari na kuipeleka ng'ambo ya bomba, kwenye kona. Sasa mtu yeyote anayetaka kikombe lazima apite kwenye maji kwanza.

Mzee Mkaa anakaa kwenye kibao pembeni ya meza, anapima kama mkono wake unalifikia birika. Unalifikia. Ameshamwomba mkuu wa kituo kazi hiyo, akipona: asiendeshe, asifundishe, akae hapa amimine.

"Na akija mtu hajanawa?" namuuliza. "Utamwambiaje, bila sauti?"

Ananivuta karibu ili nisikie vizuri.

"Sitamwambia kitu," ananong'ona. "Birika nitakuwa nimelishika mimi."