Pua ya Fundi wa Matangi

Hebu mwone anavyoingia getini. Mfupi, mabega mapana, ovaroli imekakamaa kwa rangi za miaka nenda rudi, kikwangulio kimechomekwa mfuko wa nyuma kama kitana. Mlinzi hasalimiwi, anatupiwa kidevu tu. Wapaka rangi wamekalia ndoo zao wanakunywa chai. Anapowafikia anasonya, kisha anasema kwa sauti ya kuwatosha wote, "Wapaka poda hao! Wameamka kuja kutupaka poda."

Huyo ndiye Fundi Pua. Jina alipewa kazini, na analipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Kazi yake ni kukwangua rangi kuukuu ndani ya matangi ya kiwanda kabla hayajapakwa upya. Jioni kikosi chake hupaka dawa kwenye kuta za ndani. Usiku kucha rangi ya zamani inavimba na kufumuka kama ngozi iliyoungua. Asubuhi feni inapuliza, kisha mtu anajipenyeza kwenye tundu dogo na kukwangua mpaka chuma king'ae. Tatizo ni mvuke wa ile dawa. Ni mzito, unalala chini ya tangi kama maji ya dimbwi. Ukimkuta mtu amechuchumaa humo, anaanza kwa kucheka ovyo, anamalizia kwa kulala, na si kila aliyelala humo aliamka.

Kwa hiyo kikosi kilijiwekea utaratibu. Kabla mtu hajaingia, Fundi Pua anaingiza kichwa tunduni na kuvuta hewa. Akisema "safi," wanaingia. Akisema "bado," wanangoja. Mwingine yeyote akisogeza pua, anafokewa: "Toka hapa! Pua yako imezoea kunusa sufuria za jirani."

Hakuna aliyesalimika na mdomo wake. Msimamizi kwake ni tumbo lililovaa shati, maana halijawahi kupita tunduni likaona kazi. Na siku kiwanda kilipomleta binti mmoja mwenye kipimo cha hewa, kisanduku kidogo cha kuning'iniza kwenye kamba, Fundi Pua alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hicho kidude kinafanya nini, mwanangu?"

"Kinasoma hewa, mzee."

"Kinasoma! Kimefika darasa la ngapi?"

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ya wote ni Shemeji, mdogo wa mke wake, kijeba mwembamba ambaye kila siku hutangulia kuingia kwa sababu tundu linamkubali.

Lakini pua ile, ndugu msomaji, ilikuwa imekufa. Lini, hata mwenyewe hajui. Aliyegundua ni mkewe, siku alipotoka kuanua nguo akakuta jikoni moshi umetanda, maharage yamekuwa mkaa, na mume amekaa pembeni ya jiko anajikuna goti.

"Baba Watoto! Husikii harufu?"

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza na moshi puani?" Akamtazama, akakaa chini taratibu. "Mume wangu, mdogo wangu anaingia kwenye lile shimo kwa neno lako."

"Wanawake mnapenda kukuza mambo," akasema Fundi Pua, akatoka nje. Huko nyuma ya nyumba alinusa sabuni, akanusa mafuta ya taa, akavua soksi yake mwenyewe akainusa. Ni kama kunusa ukuta. Hakumwambia mtu.

Kesho yake wakafungua tangi lililopakwa dawa jana. Binti akateremsha kisanduku chake kwa kamba. Kikaanza kulia.

"Kina njaa hicho," akasema Shemeji huku akifunga mkanda wake. "Kipeni chai! Shemeji, hebu tuambie, pua inasemaje?"

Fundi Pua akaingiza kichwa. Akavuta hewa mara moja, akavuta tena. Hakuna kitu. Nyuma yake kidude kinalia, na Shemeji anapiga mluzi. Akatoa kichwa.

"Bado," akasema. Kisha, kwa kuogopa ukimya, akaongeza, "Inanuka mpaka macho yanawasha! Nyie pua zenu mmezikopesha?"

"Kweli kabisa," mmoja akadakia, naye alikuwa amesimama kule kwenye feni, mbali na tundu. "Hata mimi nimeisikia."

Wakaisogeza feni hadi chini, wakangoja, kisanduku kikanyamaza, kazi ikaendelea. Mchana msimamizi akaja amefurahi. "Nimeambiwa. Kipimo na pua vimesema neno moja. Sasa viwili vya nini? Binti, kesho usije huku, nenda kasaidie stoo."

Fundi Pua akakitupia jicho kisanduku. Watu wakampigapiga mgongoni. Wapaka poda nao wakamwinulia vikombe.

Binti alikunja kamba yake polepole, akamsogelea. "Mzee, leo ulisubiri kilie kwanza."

"Nenda zako, mwanangu."

"Naenda. Na kesho utasubiri nini?"

Mkewe aliuliza lile lile nyumbani, kwa maneno makali zaidi. Akasonya tu. Ila safari hii haikujulikana anamsonya nani.

Sasa ndiyo kesho yenyewe. Tangi jingine limefunguliwa, feni imezimwa, binti na kisanduku chake wako stoo. Kikosi kimesimama, msimamizi na tumbo lake yupo, wapaka rangi wamekuja na chai yao kutazama ile pua maarufu. Akiwaambia tu "njooni mnuse wenyewe," watamcheka mpaka siku anazikwa. Ameingiza kichwa, amevuta hewa, amekitoa. Mbele yake Shemeji amekwisha kufunga mkanda, mguu mmoja uko tunduni.

"Shemeji," anamgeukia Fundi Pua na kuuliza, "safi?"

Haya, wewe uliyemsikiliza akidharau watu tangu getini: unadhani atasema nini?